Bei za nyumba zimegota au bado? Kipimo kipi cha kuamini

Binamu yangu anaishi Austin, Texas, na swali lake kwenye simu halibadiliki: "Kaka, zimegota?" Anazungumzia bei za nyumba: zimefika chini kabisa, au bado zitashuka? Mei 2022 bei ya kati ya nyumba katika eneo la Austin (nusu ziliuzwa juu yake, nusu chini yake) ilifika dola 550,000, na tangu hapo imekuwa ikiteremka. Kianzio chake, ile fedha ya kutanguliza mtu anaponunua kwa mkopo, kiko benki, ana mke na watoto wawili katika nyumba ya kupanga, na hataki kununua leo kitu ambacho mwakani jirani yake atakinunua kwa bei pungufu. Wala hataki kungoja mpaka zianze kupanda, abaki na kianzio mkononi.

Ananiuliza mimi kwa sababu niliwahi kukosea. Niko Phoenix, Arizona, na nilinunua nyumba Aprili 2010 nikiwa tayari kuapa kwamba bei zimemaliza kushuka. Zikashuka tena zaidi ya mwaka mzima. Sikuuza, kwa hiyo sikulia sana, lakini aibu ilinikalisha chini. Nikasoma vipimo vyote ambavyo watu hutumia kubashiri mwisho wa mporomoko, na kila kimoja nikakipambanisha na yaliyotokea Marekani kati ya 2006 na 2012. Kipindi kile kinafaa kwa mtihani kwa sababu kimekwisha. Tunajua kilele kilikuwa lini, tunajua zilipogota, na tunajua nani alisema nini katikati.

Majibu ya mtihani ni haya. Kwa fahirisi ya Case-Shiller ya nchi nzima, yaani namba inayofuatilia kupanda na kushuka kwa bei za nyumba, bei zilifika kilele katikati ya 2006 na zikagota mwanzoni mwa 2012, zikiwa zimepoteza kama asilimia 27. Las Vegas ilipoteza zaidi ya asilimia 60. Phoenix ilipoteza zaidi ya nusu, fahirisi yake ikarudi karibu na ilipokuwa Januari 2000. Dallas ilishuka kama asilimia 11 tu, na kuna watu kule ambao hata hawakuhisi. Tarehe nazo hazikulingana: Detroit na Phoenix ziligota 2011, Las Vegas na Chicago 2012. Kwa hiyo mtu akikwambia soko la nyumba la Marekani limefika chini, muulize kwanza ni la mji gani.

Kugota kuna namna mbili

Hili ndilo lililonichanganya mwaka 2010, na ndilo linalowachanganya wengi mpaka leo. Januari 2006 nyumba mpya zilikuwa zikianza kujengwa kwa kasi ya milioni 2.27 kwa mwaka. Aprili 2009 kasi hiyo ilikuwa imeanguka hadi 478,000, na baada ya hapo haikushuka tena kupita pale. Fundi seremala, mwenye kiwanda cha mbao, muuza vigae, wote hao soko lao liligota mwaka ule wa 2009. Bei ziliendelea kuteremka karibu miaka mitatu zaidi.

Bill McBride, mchambuzi wa uchumi wa California ambaye tangu 2005 alikuwa akionya kwamba bei zimevimba kama povu, amelisisitiza sana jambo hili: kuna kugota kwa shughuli na kuna kugota kwa bei, na cha kwanza hutangulia cha pili. Februari 2012 alitangaza kwamba na bei nazo zimefika chini. Alikuwa sahihi, na alisema wakati magazeti bado yamejaa habari za nyumba za wadaiwa kupigwa mnada.

Kwa hiyo kabla hujachagua kipimo, jiulize unatafuta kugota kupi. Ukitaka kujua lini kazi za ujenzi zitarudi, angalia vibali vya ujenzi na misingi inayochimbwa, na hapo huhitaji kitu kingine. Ukitaka kununua nyumba ya kukaa, vibali hivyo vina kazi nyingine kabisa: vinakuonyesha nyumba ngapi zitaingia sokoni baada ya mwaka mmoja au miwili kushindana na ile utakayonunua. Austin ilitoa vibali kwa fujo wakati wa bei za juu, magorofa ya kupangisha yakaota kama uyoga, na yalipokamilika kodi zikaanza kushuka. Vibali vikipungua kule, ni dalili njema kwa bei za miaka ijayo, si za mwezi ujao.

Fahirisi ya bei: mkweli anayechelewa

Case-Shiller ina heshima yake. Wachumi Karl Case na Robert Shiller waliijenga juu ya wazo rahisi: chukua nyumba ileile iliyouzwa mara mbili, linganisha bei ya kwanza na ya pili. Hapo hudanganywi na mchanganyiko. Bei ya kati, ile wanayoipenda madalali, inadanganya kirahisi. Mwezi ambao matajiri pekee ndio wamenunua, bei ya kati hupanda ingawa hakuna nyumba hata moja iliyoongezeka thamani.

Ubaya wake ni mwendo. Namba inayotolewa ni wastani wa miezi mitatu, na inatoka kama miezi miwili baadaye. Ongeza wiki kadhaa kati ya siku mnunuzi na muuzaji walipokubaliana na siku makaratasi yalipokamilika. Namba za chini kabisa za mwanzoni mwa 2012 zilitangazwa wakati wa Aprili na Mei, na hata hapo hakuna aliyeweza kujua kuwa ndizo za mwisho, kwa sababu ungepaswa kuona miezi mingine kadhaa ikipanda ndipo uamini. Aliyeisubiri fahirisi imwambie ukweli alinunua 2013, akishindana na watu watano kwa nyumba moja.

Kuna hatari kubwa zaidi ya kuchelewa, nayo ndiyo iliyonipata. Kuanzia masika ya 2009 fahirisi ilianza kupanda. Mwezi baada ya mwezi, kidogo kidogo. Sababu niliijua na nikaipuuza: serikali ilikuwa ikimpa mnunuzi wa mara ya kwanza nafuu ya kodi ya mapato hadi dola 8,000, na mkataba ulipaswa kusainiwa kabla ya Aprili 30, 2010 kuisha. Nakumbuka wikiendi zile. Nyumba moja, magari kumi nje, na dalali anatembea mlangoni na kishikwambi kama mhudumu wa harusi. Nilisaini tarehe 27.

Julai mwaka ule, nafuu ikiwa imekwisha, mauzo ya nyumba nchi nzima yalianguka asilimia 27 katika mwezi mmoja. Nyumba zilizokuwa zikingoja wanunuzi zingechukua miezi 12 na nusu kuisha kwa kasi ile ya mauzo. Kufikia 2011 fahirisi ilikuwa imeshuka kupita ilipokuwa 2009. Phoenix ilipoteza kama asilimia kumi tangu niliposaini. Wanunuzi ambao wangekuja 2011 walikuwa wameazimwa kuja 2010, basi.

Tangu hapo, kila nikiona bei zimeinuka baada ya kushuka, swali langu la kwanza ni nani amezishika mkono. Nafuu ya kodi, riba nafuu ya muda kutoka kwa mjenzi anayetaka kumaliza hesabu za mwaka, serikali kusimamisha minada, vyote hivyo ni gongo. Mgonjwa akitembea kwa gongo usiseme amepona mpaka uone linapoondolewa.

Minada: hesabu ya machozi

Mtaani kwangu mwaka 2010 kulikuwa na nyumba nne zisizo na watu. Ya pili kutoka kwangu ilikuwa na bwawa la kuogelea, na maji yake yaligeuka kijani kizito kama mlenda. Kwenye kitasa cha mlango kulining'inia kile kisanduku cha namba kinachohifadhi funguo, na dirishani karatasi imebandikwa kusema nyumba haina mtu na maji yamefungwa. Mbu walituzidi. Watu wa kaunti wakaja kumwaga visamaki wanaokula viluwiluwi, maana mwenye bwawa alishaondoka usiku na mwenye benki hajui bwawa liko wapi. Siku nyumba ile iliponunuliwa ndipo nilipojua mtaa umeanza kupona, mapema kuliko gazeti lolote lilivyosema.

Kwa hiyo nakipenda kipimo cha minada, lakini lazima ujue sheria ya jimbo. Arizona, Nevada na California nyumba ya mkopo ulioshindikana inaweza kuuzwa bila kesi mahakamani, taarifa ya miezi michache tu. Florida, New York na New Jersey lazima hakimu aamue, na kesi zilivuta miaka. Ndiyo maana Phoenix ilizama haraka, ikagota mapema na kuinuka mapema, wakati miji mingine ilikuwa bado inaburuza majeneza.

Na minada yenyewe inaweza kukudanganya. Mwishoni mwa 2010 iligundulika kwamba watumishi wa mabenki walikuwa wakisaini viapo vya kunyakua nyumba kwa maelfu bila hata kusoma faili. Mabenki makubwa yakasimamisha shughuli. Ukitazama idadi ya minada miezi ile ungesema hali imetulia. Hakuna kilichotulia, foleni ilikuwa imefungiwa mlango tu. Februari 2012 mabenki matano yakakubaliana na serikali na majimbo 49 kwa dola bilioni 25, mlango ukafunguliwa. Namba bora ya kufuatilia ni ile ya mwanzo wa bomba: watu walio nyuma ya malipo ya mwezi. Hiyo ilifika kilele mwanzoni mwa 2010, mkopo mmoja katika kila kumi ukiwa nyuma ya malipo, kisha ikaanza kupungua. Ilitupa ishara miaka miwili kabla ya bei, mapema mno kwa mnunuzi, ingawa haikusema uongo.

Kwa binamu yangu leo kipimo hiki kimenyamaza. Wengi wenye nyumba Austin walikopa au walibadilisha mkopo wakati riba ya miaka 30 ilipokuwa chini ya asilimia nne, na Januari 2021 iligusa asilimia 2.65. Mtu wa namna hiyo hashindwi kulipa kirahisi, na wala hataki kuuza aende kukopa kwa riba ya juu kwingine. Kwa hiyo minada michache Austin haimaanishi kwamba bei zimegota. Inamaanisha tu kwamba safari hii zinashuka polepole, bila kishindo.

Miezi ya nyumba zilizopo

Hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote kwa swali la lini. Chukua idadi ya nyumba zilizo sokoni, gawanya kwa zilizouzwa mwezi uliopita. Zikiwa 84 na zimeuzwa 12, unayo miezi saba. Kwa desturi ya biashara hii huku, miezi sita ndiyo katikati: zaidi ya hapo mnunuzi ana nguvu na bei hulegea, pungufu ya hapo muuzaji ana nguvu.

Angalia kilivyofanya mtihani. Katikati ya 2010 kilisema miezi 12 na ushei, yaani kilikuwa kinapiga kelele kwamba sisi tuliokimbilia nafuu ya kodi tumewahi. Januari 2012 kilikuwa karibu na sita, na bei zikagota majira hayohayo. Phoenix nyumba zilizo sokoni zilipungua kwa kasi sana ndani ya 2011, kwa sababu wanunuzi wenye fedha taslimu walikuwa wakizichukua kwenye minada na kuzipangisha, na bei za Phoenix ziligota mwaka huohuo. Baadaye kampuni kubwa za fedha zikaingia pia. Blackstone ilianza kununua nyumba za Phoenix mwaka 2012, bei zikiwa zimeshaanza kupanda. Hata wao, pamoja na kompyuta zao zote, hawakuigusa chini yenyewe.

Kina kasoro mbili. Ya kwanza, mauzo yenyewe yanaweza kuhesabiwa vibaya. Desemba 2011 chama cha taifa cha madalali wa nyumba kilikiri kwamba mauzo yake ya 2007 hadi 2010 yalitangazwa juu mno, kikayapunguza kwa kama asilimia 14. Ya pili, wauzaji waliochoka huondoa mabango yao Novemba, wakaziweka tena nyumba sokoni Machi. Ukihesabu Desemba utadhani nyumba zimeisha. Linganisha Januari na Januari, Juni na Juni, na uhesabu katika eneo lako la posta, si mji mzima. Nyumba ya vyumba vitatu kusini mwa Austin haina undugu na kasri la kando ya ziwa.

Bei na kodi ya pango

Kipimo hiki hakisemi lini. Kinasema kiasi gani, na kwa mtu anayetafuta pa kulala hilo ni swali bora. Bei za nyumba zinaweza kupaa kwa ndoto, kodi hulipwa kwa mshahara wa mwezi. Zikiachana sana, moja lazima imrudie mwenzake, na mwaka 2011 uwiano wa bei na kodi Marekani ulikuwa umerudi karibu na viwango vya miaka ya kabla ya povu.

Nilimfanyia binamu yangu hesabu. Nyumba anayoitamani inauzwa dola 380,000. Nyumba ya aina hiyohiyo, mtaa uleule, inapangishwa 2,300 kwa mwezi. Akitoa kianzio cha asilimia kumi atakopa 342,000, na kwa riba ya asilimia 6.5 atalipa benki kama 2,160 kwa mwezi. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo lakini kodi ya jengo inauma: ukikadiria asilimia mbili ya bei, ni 630 kwa mwezi. Bima weka 250. Matengenezo, asilimia moja kwa mwaka, 315 hivi. Jumla 3,355, dhidi ya 2,300. Kila mwezi angelipa zaidi ya elfu moja juu ya kodi ili aitwe mwenye nyumba. Ndani ya malipo ya benki kuna sehemu inayopunguza deni, ni akiba yake hiyo, lakini miaka ya mwanzo ni mia tatu na kitu tu, mengine yote ni riba.

Kwa riba ya asilimia tatu mkopo huohuo ungelipwa kwa 1,440 na pengo lingepungua hadi 340 hivi. Hapo ndipo watu husema basi ngoja riba ishuke. Sawa, lakini riba si kipimo cha kugota. Novemba 2012 ilikuwa asilimia 3.31 na ilikuwa imeshuka miaka yote ambayo bei zilishuka nayo. Oktoba 2023 ilifika 7.79, na sehemu nyingi za Marekani bei hazikuanguka. Riba inabadilisha hesabu ya mwezi tu.

Udhaifu wa kipimo cha kodi ni kwamba na kodi yenyewe inaweza kutembea. Austin imekuwa ikishuka kwa sababu ya magorofa yale mapya. Kwa hiyo usilinganishe bei ya leo na kodi ya mwaka juzi. Ulizia nyumba tatu zinazopangishwa wiki hii, na uulize pia kama wanatoa mwezi wa bure.

Vilivyobaki

Maombi ya mikopo niliyaweka kando mapema. Oktoba 2006 Alan Greenspan, aliyekuwa ameondoka kwenye uongozi wa benki kuu ya Marekani Januari mwaka huohuo, alitazama maombi ya mikopo ya nyumba, akaona yameacha kushuka, akasema anadhani ubaya mkubwa huenda umepita. Mbele kulikuwa na zaidi ya miaka mitano ya ubaya. Mabenki yanapoanza kubana, mtu mmoja aliyekataliwa huomba kwenye tatu nyingine, na maombi huongezeka wakati mikopo inapungua.

Bei kwa kipato inakueleza kwamba nyumba ni ghali, ila inaweza kusema hivyo miaka kumi mfululizo na usipate la kufanya. Maneno ya madalali je? Dalali hana siku mbaya ya kununua. Hisia za watu zina faida kidogo kwa kinyume chake: mwanzoni mwa 2012, rafiki zangu wote walikuwa wakisema kumiliki nyumba ni utumwa. Lakini walisema hivyo 2010 pia.

Vipimo hivi vinasafiri?

Si vyote. Japani bei za ardhi zilifika kilele mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ni mwaka 2007 tu takwimu za serikali zilipoonyesha wastani wa nchi umepanda, kwa mara ya kwanza baada ya miaka 16. Aliyesubiri kule alizeeka akipanga, na hakukosea.

Ndugu walioko Dubai wana tabu tofauti. Baada ya 2008 bei zilianguka kwa nusu na zaidi sehemu nyingine, na Novemba 2009 kampuni ya serikali ya Dubai World ikaomba kuahirisha madeni. Mkaazi wa kule kwa kawaida kibali chake kinafungamana na kazi. Kazi ikienda, naye anaenda, na mpangaji mwenzake pia. Kodi inaanguka pamoja na bei, kwa hiyo sakafu ya kipimo changu cha kodi ya pango inatembea chini ya miguu yako. Kule ningeangalia kwanza ajira na idadi ya watu wanaoingia, kisha minara inayokaribia kukamilika. Soko lile lilianza kulegea tena 2014, likaendelea hivyo mpaka 2020.

Na Nairobi bei haishuki, inanuna. Mwenye fleti Kilimani hatapunguza namba kwenye tangazo hata kwa fimbo. Atakuongezea maegesho, kabati za jikoni, miaka ya kulipa kidogo kidogo. Bei inayotangazwa haikupi kitu. Pita saa mbili usiku uhesabu madirisha yenye taa, hiyo ndiyo miezi ya nyumba zilizopo ya pale.

Sasa ushauri niliompa

Kwa mtu kama yeye, anayenunua akae miaka saba au kumi, nilimchagulia viwili: kodi kwanza, miezi ya nyumba baadaye. Cha kodi kikikataa, kingine chochote hakina haja. Kikikubali, miezi ikiwa inapungua kwa kulinganisha na mwaka jana mwezi kama huo, anunue na aache kunipigia. Kama angekuwa ananunua ili auze baada ya miaka miwili, ningemwambia hakuna kipimo kati ya hivi kinachotosha, aende akafanye biashara nyingine.

Akaniuliza, je, akiwahi kidogo kama mimi? Nikamwonyesha fahirisi ya miji 20: kati ya chini ya 2009 na chini ya 2012 tofauti ilikuwa kama asilimia nne tu. Bei zilikaa pale chini kama maji mafu, miaka mitatu, zikipanda shubiri na kushuka shubiri. Mvuvi anajua saa ya maji kujaa kwa kutazama mwezi. Sisi hatuna mwezi wa kutazama, ila tuna muda, maana maji yenyewe hayana haraka. Asilimia kumi niliyopoteza Phoenix ilirudi kabla ya 2013 kuanza. Kilichoniuma hakikuwa bei, ni kwamba nililipa kila mwezi zaidi ya kodi kwa nyumba ambayo ningeweza kuipanga.

Jumapili iliyopita hakuniuliza kama zimegota. Amehesabu eneo lake la posta: nyumba 97 sokoni, 11 zimeuzwa, karibu miezi tisa. Mwaka jana mwezi kama huu ilikuwa minane. Ile ya 380,000 imeongezewa kibao chekundu juu ya bango, imeshushwa hadi 369,000. Na mwenye nyumba anayopanga amemwandikia kwamba akisaini mwaka mwingine, kodi inabaki 2,300 na mwezi wa kwanza ni bure. Amesaini.